Waya wa Tatu

Swichi ya kati ilianza kunuka saa tano asubuhi, mkalimani wetu Séphora akiwa kwenye simu na hospitali moja ya Columbus.

Ofisi yetu iko Grant Street, Buffalo, juu ya duka la unga na samaki wakavu. Hospitali za hapa, za Columbus na za Louisville zikipata mgonjwa asiyejua Kiingereza, hutupigia simu tumtafsirie. Siku hiyo alikuwa mama mjamzito kutoka Uvira. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, daktari alitaka kumpasua haraka, na mama alikataa katakata mpaka aelewe. Wakalimani wengine wote walikuwa na wagonjwa wao. Simu hiyo ikikatika, basi.

Mimi Wanza ndiye fundi wa mtandao, na mwanzoni sikuwa na wasiwasi, mjinga mimi. Swichi zetu za kugawa mtandao ni tatu, zimepangwa moja juu ya nyingine. Intaneti inaingia kupitia ya juu, na meza ya Séphora imeunganishwa na ya chini. Waya mmoja unatoka juu kwenda kati, wa pili kati kwenda chini, na wa tatu unatoka chini kurudi juu. Ya kati ikifa, simu inapita kwenye waya huo wa tatu.

Nikapiga magoti nyuma ya kabati, nikahesabu nyaya, nikarudia. Zilikuwa mbili.

Kazi ya kuunganisha nyaya hizo aliifanya Ijumaa mwenzangu Mzee Polycarpe, aliyekuwa fundi simu Bukavu kabla mimi sijazaliwa. Mimi niliweka sahihi tu kwenye karatasi ya kazi. Ningepitaje nyuma ya mtu wa umri wa baba yangu, nimkague kama mtoto wa shule? Nilijiona nina adabu! Hasira zikanipanda, nusu kwake, nusu kwangu.

"Mzee! Waya wa tatu uko wapi?"

"Iko mu tiroir, ma fille. Nilichunga ile ya mwisho. Donc, moya ikiharibika, tuko na ya kubadilisha. Akiba haiozi."

"Hiyo si spare, mzee! Hiyo ndiyo njia ya kurudi!"

Alielewa papo hapo. Aliivuta droo yote, vitu vikamwagika sakafuni. Feni ya swichi ya kati ilikuwa ikikwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Nyuma ya kioo, Séphora alikuwa akisema, "Mama, unisikilize. Munganga anasema mutoto amelala mbaya..."

Mzee akachomeka ncha ya juu, mimi ya chini. Ncha ikagoma. Niliogopa, sifichi. Ikaingia. Taa za tundu lake hazikuwaka. Nikahesabu hadi nane ndipo zikawa kijani.

Feni ikanyamaza. Swichi ya kati ikazimika yenyewe.

Séphora bado alikuwa na simu sikioni. Kisha tukamsikia akimwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mama amekubali.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Mzee Polycarpe akaiokota sakafuni karatasi ya kazi ya Ijumaa, akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Niliona umeandika jina bila kuangalia," akasema. "Nikafurahi. Nikasema, huyu mutoto ananiheshimu."

Akanipa ile karatasi.

"Mara ingine uniangalie, ma fille. Ata mbele ya batu."