Mlango wa Namba Tisa

Mtaa aliokulia mchoraji Leiv Myrdal hapa Bergen ulibomolewa zamani kupisha barabara. Mimi nilipewa kazi ya kuujenga upya ndani ya jumba la makumbusho, ili watu watazame picha zake wakiwa kwenye uchochoro uleule: kuta za mbao nyeupe, ngazi za mawe, harufu ya lami na samaki mkavu.

Nilifuata picha zake. Katika zote, mlango mdogo wa nyumba namba tisa haukuwa na kitasa.

"Picha arobaini, na zote kasahau?" alisema Roald, seremala wetu. "Huyo hakuwa mchoraji, alikuwa mvivu."

Tukacheka, tukaupa mlango kitasa cha shaba.

Siku tatu kabla ya ufunguzi alikuja Borghild, dada wa marehemu Leiv, bikizee wa miaka themanini na minane. Alipita akipapasa kuta, anatabasamu. Kufika namba tisa, mkongojo ukamponyoka.

"Nani kaweka kitasa?"

"Mimi, bibi. Nilidhani..."

"Baba alikitoa, akawa anakaa nacho mfukoni." Alinishika mkono. "Aslak wetu, kitinda mimba, aliugua kifua kikuu. Watu wangejua, baba angefukuzwa kazi. Basi mtoto akafungiwa humo. Akawa anagonga. Mara tatu, anapumzika, mara tatu tena. Mimi na Leiv tulikuwa nje hapa. Tulikatazwa kuitika."

"Hamkuitika?"

"Wiki mbili, mwanangu. Halafu kukawa kimya."

Nitasema niliyoyasikia, anayetaka aamini. Nyuma ya mlango ule hapakuwa na kitu ila ukuta wa saruji. Pakagongwa. Mara tatu. Nilimgeukia Roald, aliyekuwa nyuma yetu na zana zake, uso ulikuwa umempauka kama chokaa.

Borghild hakushtuka. Aliinua ngumi yake ndogo, naye akagonga. "Tupo, Aslak. Tupo hapa."

Alasiri ileile tuliung'oa mlango, bawaba na kila kitu. Roald aliaga, hakurudi tena.

Borghild alikuja kila Jumanne kwa basi, akaketi mbele ya uwazi ule akisimulia kwa sauti ya chini: nani alioa, nani alizama, vita viliishaje. Maonyesho yalipokwisha nikamwambia, kwa shida, kwamba tunabomoa.

"Bomoeni tu," akasema huku akifunga vifungo vya koti. "Hatujafika hata harusi ya Leiv, lakini tutaendelea nyumbani. Aslak amekubali kuja."

Akatoka, na mlango wa kioo akaushikilia wazi kidogo nyuma yake kabla ya kuuachia.