Gati la Kapteni Leokadia

1.

Msomaji, mfahamu kwanza Leokadia. Ndiye aliyeendesha boti za abiria kati ya Mwanza na visiwani, mpaka wanaume waliomcheka mwanzoni wakawa wanagombania kupanda ya kwake. Alipostaafu, yeye na mumewe Majura walijenga nyumba na gati ufukweni, akanunua boti yake mwenyewe.

Kisha

kiharusi.

Kikaondoka na mguu wa kushoto, mkono wa kushoto na sehemu kubwa ya maneno yake.

2.

TANGAZO
Wamiliki wote wa nyumba za ufukweni mnaarifiwa kuwa kina cha ziwa kimeongezeka. Magati yaliyozama yaondolewe au yajengwe upya. Boti isiachwe ikielea ovyo. Atakayekaidi atachukuliwa hatua.
Ofisi ya Mtaa

3.

Ndugu wa Leokadia, barazani kwa Majura, wakidhani mwenyewe amelala:

— Gati limezama, boti inaoza. Uzeni tu.

— Kwani nani ataiendesha?

— Shemeji, kubali. Yule mama sasa ni wa—

Majura alisimama, akaenda kumwita fundi.

4.

Fundi Sospeta alieleza taratibu. Gati la nguzo ni imara, ila maji yakipanda lenyewe halipandi. Gati la kuelea hupanda na kushuka na ziwa. Ukiongeza mashine ya kuinulia boti, boti inakaa juu, mawimbi hayaigongi, magugu hayaishiki.

"Lipi litaitunza boti vizuri zaidi?" aliuliza Majura.

Kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, Leokadia akamwambia mumewe, neno moja moja:

"Baba Getruda. Uliza. Lipi. Litapitisha. Kiti."



Majura aliona haya. Kumbe yeye alikuwa anahifadhi kumbukumbu. Mwenzake alikuwa anapanga safari.

5.

Likajengwa la kuelea, lenye daraja pana na mashine inayoinua boti mpaka iwe sawasawa na sakafu ya gati. Kiti kinaingia moja kwa moja.

6.

Matunzo:
suuza matope
paka grisi kwenye roda zinazopitisha waya wa mashine
kagua waya, kagua tena
Leokadia aliupitishia waya mkono wake mzima, macho kafumba, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa.

7.

Siku ya kushusha boti, vidole vya Leokadia vilisimama kwenye waya.

"Bado."

Uzi mmoja wa waya ulikuwa umekatika. Fundi aliinama, akatazama, akafunga mashine isishushe boti. Ndugu waliokuja kushuhudia wakaanza kuondoka.

"Si tulisema?" mmoja alinong'ona.

Leokadia hakugeuka. "Badilisha," alimwambia fundi. Majura alimtazama mkewe, akajiona mdogo, na akafurahi kuwa mdogo namna ile.

8.

Waya mpya. Asubuhi tulivu. Kiti kikaingia, kikafungwa imara, yeye na Majura wakavaa maboya. Mashine ikanguruma, boti ikashuka, ikagusa maji.

Ikaelea.

Majura, abiria wa miaka yote ya ndoa yao, akashika usukani.

"Toka," alisema Leokadia.

"Mama Getruda, mkono mmoja tu—"

"Unatosha. Wewe, kamba."

Majura alienda mbele, akafungua fundo. Gati likaanza kurudi nyuma.

"Tunaenda wapi, Kapteni?"

Leokadia akasukuma wenzo wa mafuta, akauelekeza usukani kule ambako maji ni meusi na marefu, njia yake ya zamani ya visiwani.