Tumbo la Bibi Idonea

Mimi ni Godith, mpika pombe wa Aslaby, na tangu nizaliwe mfalme hajawahi kutaka kujua lolote kutoka kinywani mwangu. Kukiwa na shauri, mume wangu Osbert huitwa, huapa, hutoa neno lake, nasi wanawake tunangoja nje na watoto. Sasa wiki hii mfalme amekumbuka kwamba tupo. Hata hivyo maneno yetu hakuyataka sana. Alitaka vidole.

Nianze na Bwana Ansel, maana bila kifo chake haya yote yasingekuwepo. Aliishika ardhi ya Aslaby moja kwa moja kutoka kwa mfalme, kama baba yake, na wakati wa mavuno homa ikamchukua. Alikuwa amekaa na mkewe, Bibi Idonea, miaka mingi bila mtoto. Mtu wa namna hiyo akifa, mfalme huikamata ardhi mpaka ijulikane mrithi ni nani, na hapa hapakuwa na la kuuliza. Mrithi ni mdogo wake, Bwana Warin, ambaye siku ya mazishi alitoka kaburini akapita ghalani kuangalia kama paa linavuja. Kisha Bibi Idonea akasema ana mimba.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mtoto akizaliwa, awe wa kike au wa kiume, ardhi ni yake na mama yake hang'oki pale. Asipozaliwa, mama anapewa fungu lake la mjane kule chini kwenye matope, anafungasha vyombo, na Warin anaingia na mkewe. Kwa hiyo watu wote wa Aslaby wakawa na kazi moja tu, kulitazama tumbo la Bibi Idonea akipita kwenda kanisani. Na lilikuwa linakua kweli.

Lakini watu na midomo yao. Miaka yote hiyo kimya, halafu mume anaingia kaburini ndipo tumbo linachomoza? Osbert, akiwa amelewa pombe yangu mwenyewe, alisema, "Yule kajifunga mto wa manyoya. Siku ya kujifungua tutaletewa bata." Walicheka wote, nami nikacheka nikiwa nimeshika jagi. Mzaha ule ukatembea nyumba kwa nyumba. Ulipofika masikioni mwa Warin haukuwa mzaha tena, ulikuwa habari.

Warin akaenda kwa makarani wa mfalme, akarudi na amri. Kipande cha ngozi chenye lakiri, si kikubwa kuliko kiganja changu. Mfalme anamwamuru liwali wa jimbo aende Aslaby pamoja na waungwana wenye kuaminika, achague wanawake huru wenye akili, wamkague mjane tumbo na matiti, waseme ana mimba au hana, ili mrithi wa haki asidhulumiwe. Liwali akatuchagua watatu. Mama Basilia, mkunga, ambaye nusu ya kijiji ameipokea kwa mikono yake. Sabina, mke wa mwenye kinu. Na mimi, kwa sababu nina watoto wanane, na katika kupima pombe nimewahi kutozwa faini mara moja tu, na ile ilikuwa fitina.

Njiani Sabina alikuwa amevaa kitambaa chake cha sikukuu. "Shoga, mimi nataka niuone huo mto," aliniambia. "Kama ni wa manyoya ya bata bukini, naomba nipewe."

"Funga mdomo," Mama Basilia akamwambia. Hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa amemwona Bibi Idonea kanisani Jumapili, akasema mikono yake imekonda mno.

Tulimkuta liwali ukumbini amekaa karibu na moto, waungwana wawili pembeni yake, na karani na wino wake mezani. Warin alikuwa amesimama dirishani akitazama nje, ingawa nje hapakuwa na kitu. Tuliapishwa kwa kitabu cha Injili. Mkono wangu ulinuka hamira, nikauona ule mkono juu ya kile kitabu na nikaona haya.

Bibi Idonea akatoka chumbani mwenyewe, hakungoja aitwe. Liwali akamsomea amri yote, neno kwa neno, mbele yetu, tumbo na matiti. Mzee mzima, sauti haimtetemeki. Waungwana wale walitazama viatu vyao. Akamwambia kwamba mlango wa chumba utaachwa nusu wazi, nao watasimama nyuma yake, ili isije ikasemwa kwamba kulifanyika hila.

"Lazima uwe wazi?" Bibi Idonea akauliza.

"Ndivyo inavyotakiwa, Bibi."

Warin akageuka, uso umemwiva. "Niwie radhi, shemeji. Ni sheria tu."

"Shemeji," akamwambia, "marehemu kaka yako hakuwahi kunivua nguo mchana. Wewe umeweza, na hata hukuhitaji kuninyoshea mkono."

Warin akarudi dirishani. Sikujua niangalie wapi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi pamoja na kiapo changu, lakini Mama Basilia alikwishatangulia chumbani, nami nikamfuata.

Alivua nguo mwenyewe, taratibu, akizikunja na kuziweka juu ya sanduku kama mtu anayejiandaa kulala. Hapakuwa na mto. Niseme hilo mapema, maana hata sasa wapo wanaoniuliza kwa jicho la pembeni. Tumbo lilikuwa lake, limejaa, limevutika ngozi mpaka inang'aa. Sabina alifurahi mpaka akasahau mzaha wake wa njiani. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili, akasema, "Bibi, hili ni tumbo kweli. Mungu amekuona."

"Anacheza sana nikilala chali," Bibi Idonea akasema. Na mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Ngojeni kidogo, mtamsikia."

Tukangoja. Mama Basilia alikuwa hajagusa kitu bado, alikuwa anamtazama tu, mabega, mitulinga iliyojitokeza, mbavu zinazohesabika. Kisha akapasha mikono yake joto kwenye moto wa chumbani, akamgusa matiti kwa upole, akayaacha. Akashuka tumboni. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, akatulia, akarudia palepale. Nimejifungua mara nane mbele ya yule mama na uso wake naujua. Sijawahi kuuona umefungwa vile.

"Godith, lete mkono," akasema.

Akaushika mkono wangu, akauweka upande wa kulia chini ya mbavu, akaukandamiza. Kulikuwa na kitu kigumu. Hakikuwa na umbo la kichwa wala mgongo wala kisigino. Kilikuwa na vinundu, kimejishikiza kwa ndani, na pembeni yake ni maji tu yanacheza chini ya vidole. Mama yangu mzazi alikuwa na kitu hicho. Tulidhani anatuletea mdogo wetu, tukamfumia kofia ya mtoto, na kabla majira hayajageuka tukamzika.

"Mmemsikia?" Bibi Idonea akauliza.

Mama Basilia akamfunika na shuka. "Vaa, mwanangu. Utapata baridi."

Tukajivuta kwenye kona, watatu, vichwa pamoja. Sabina alielewa kabla hatujamwambia, kwa kutuangalia tu, akaanza kulia kimyakimya, akijipangusa kwa kile kitambaa cha sikukuu. "Tuseme ndiyo," akanong'ona. "Inatugharimu nini? Tumwachie aamini. Warin angoje, hatakufa kwa kungoja."

"Nimeapa," Mama Basilia akasema. "Na tukisema ndiyo, huyu haachwi hapa. Atapelekwa ngomeni kwa liwali, afungiwe chumba cha mawe na walinzi mlangoni, wasije wakaingiza mtoto wa kuazima. Akae humo mpaka azae. Atazaa nini, Sabina?"

Mimi nilisema, "Basi tuseme hana, lakini tuseme pia kwamba anaumwa na hakudanganya mtu." Wakakubali. Nikajiona nimesema jambo la maana sana.

Nyuma yetu Bibi Idonea alikuwa anafunga kamba za gauni lake. "Mnahesabu miezi?" akauliza. "Msijisumbue. Mimi najua, ni karibu na Pasaka."

Hakuna aliyegeuka. Tulikuwa wanawake watatu wazima, tuna watoto lukuki baina yetu, na hatukuwa na hata mmoja wa kumtazama machoni. Ilitupasa tumketishe pale, tumwambie kwanza yeye, mlango ufungwe, sheria ingoje. Mama Basilia alikuwa ameanza kumsogelea, naamini alitaka kufanya hivyo. Lakini liwali akagonga mlango kwa pete yake akasema, "Mmemaliza?" nasi tukatoka, kwa sababu tumezoea kutoka tukiitwa. Bibi Idonea akatufuata, amejinyosha, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Kwa kiapo chenu," liwali akasema. "Ana mimba au hana?"

"Hana," Mama Basilia akasema.

"Mungu ashukuriwe," Warin akasema.

Lilimtoka. Nataka kumtendea haki, nadhani hakukusudia, lilimtoka kama pumzi, lakini ukumbi ule ni mdogo na kila mtu alilisikia. Liwali akamtazama. Mwungwana mmoja akakohoa. Bibi Idonea alibaki amesimama, anatutazama mmoja mmoja kama watu wanaosema lugha ya nchi nyingine.

Karani alikuwa ameinama anaandika. Nikasogea mezani. "Bado hatujamaliza," nikamwambia. "Andika kwamba hakudanganya. Tumbo analo, tumeligusa wote watatu. Ni ugonjwa. Mwenyewe alidhani ni mtoto, na mwanamke yeyote angedhani."

"Mfalme hakuuliza hivyo," karani akasema bila kuinua kichwa. Kijana mdogo, ndevu hazijakaa vizuri. "Ameuliza kama ana mimba. Najibu lililoulizwa."

"Basi umwambie na ambalo hakuuliza."

"Mama, mimi nikianza kumwandikia mfalme mambo ambayo hakuuliza, nitafukuzwa kazi."

"Una mama wewe?"

"Godith," liwali akasema. "Inatosha." Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali, ningepata mtu wa kumchukia. Alisema kwa kuchoka tu, akamimina lakiri, akabonyeza pete. Ilitosha kweli. Aslaby yote ilikuwa imepata bwana mpya, na huko anakoishi mfalme itasomwa kwamba mjane wa Ansel alisema ana mimba na hana. Kila atakayesoma atajisomea mwenyewe lile lingine, kwamba alikuwa mwongo.

Warin alikuwa amepoteza rangi yote. Neno la ugonjwa lilikuwa limemfikia wakati lile neno lake la shukrani bado liko hewani. Akatembea hadi katikati ya ukumbi, akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Shemeji," akasema, "sikujua. Naapa sikujua. Hakuna atakayekutoa humu. Kaa katika chumba chako, na vyombo vyako, na moto wako, kaa mpaka..."

Akakwama. Tulimwona anatafuta neno la kumalizia, na kila mmoja wetu mle ndani alikuwa analo, na hapakuwa na namna ya kulitamka. Akatugeukia sisi wanawake tumsaidie. Mimi niliangalia meza.

Sidhani kama Bibi Idonea alimsikia. Alikuwa amemgeukia Mama Basilia. Mkono wake ulikuwa bado tumboni, lakini sasa ulikuwa umeinuliwa kidogo, hauligusi, kama anaogopa kumwamsha mtu.

"Lakini huwa ananijibu, Basilia," akasema polepole. "Nikimtajia jina la baba yake, anajigeuza. Nimemweleza mashamba yote, mpaka hadi mpaka, ili ayajue." Akangoja. "Basi nilikuwa naongea na nani?"

Liwali akainuka, akavaa joho lake, akatoka na waungwana wake, na karani akawafuata akipulizia wino ukauke. Sisi tulipita mlango wa jikoni, kwa sababu mbele kulikuwa na watu wanangoja kuambiwa.