Hodi kwa Chiriku

Nalala. Najua nalala, kwa sababu mkeka wa chumba cha mawasiliano unanichora shavuni na bado nausikia, na pangaboi linazunguka darini, na kaka Shekalaghe ananiambia jinyooshe kidogo dada Zuwena, hujafumba macho tangu jana, Chiriku atapita juu yetu alasiri na mimi nitakuamsha. Namwambia sina usingizi. Usingizi unanichukua neno likiwa bado mdomoni. Ni mchana kweupe, adhuhuri imeshaswaliwa, wali umeshaliwa, na leo ni siku ya saba. Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: Chiriku si ndege. Ni setilaiti, boksi lisilozidi ukubwa wa mkate, na tumemuunda wenyewe hapa Tanga, mimi na Shekalaghe, katika chumba kilichokuwa stoo ya magunia ya mkonge. Antena iliyo juu ya paa letu imechomelewa na fundi wa mageti wa Ngamiani. Kisha Chiriku akapakiwa kwenye roketi ya kampuni binafsi, abiria mmoja kati ya arobaini, akapanda mbinguni kutuangalizia mawingu ya mvua. Atakayenicheka na anicheke, mimi najivuna. Tulimwita Chiriku kwa sababu alipokuwa mezani hakunyamaza hata dakika moja, na sasa tangu aachiliwe huko juu hajatoa mlio. Tena tulimfunza adabu: akikaa siku saba bila kusikia sauti ya nyumbani, azime redio yake moja kwa moja, asizurure angani akiwapigia wenzake kelele. Kwa hiyo leo alasiri akipita bila kutusikia, basi tena, miaka minne ya kazi yetu inabaki boksi bubu linaloizunguka dunia. Si kwamba hatuiti. Tunaita kila anapopita. Programu ya kuita nimeiandika mimi, nayo ina adabu zake: inabisha hodi mara tatu, inasikiliza, isipoitikiwa inanyamaza mpaka apite tena. Bibi yangu wa Chumbageni alinilea hivyo, hodi ni tatu, ya nne ni ufidhuli. Shekalaghe aliisoma akaipitisha bila neno, kwa kuwa na yeye kalelewa vivyo hivyo.

Natembea. Mkeka umekuwa barabara, sijui tangu lini, na barabara haina kona wala mwisho, imejikunja kidogo kidogo hivi kwamba nikitembea saa moja na nusu najikuta pale pale nilipoanzia, jua limeshachwa na limeshakucha, na nikitembea tena linachwa tena na linakucha tena. Chini ya nyayo zangu naiona dunia, bluu, imetulia. Siogopi. Najiambia kwamba hii ndiyo njia aendayo Chiriku, basi nikiifuata nitamkuta. Mbele yangu amesimama mtu aliyevaa nguo nyeupe nene na kofia ya anga, na mbele ya kofia kuna kioo cha dhahabu. Namtafuta uso nauona wa kwangu, na alama za mkeka shavuni. Sijui umri wake, kwa hiyo namwamkia shikamoo. Anaitika marahaba, sauti si ya kike wala ya kiume. Namuuliza kama amemwona Chiriku. Ananiambia: Kitendawili. Mdomo wangu unajibu tega kabla sijafikiri. Anasema: Naondoka mrefu, narudi mfupi, na nikifika nyumbani nasimama kwa miguu yangu. Nacheka. Hicho unakitega kwa mtoto, namwambia, hiyo ni roketi ya siku hizi. Ananipisha, na nyuma yake naziona zenyewe zinashuka moja baada ya nyingine, zimeacha mizigo juu, zinawasha moto chini yao, zinatua wima, zinafutwa masizi, zinapanda tena. Zamani roketi ilikuwa ya safari moja tu, kisha inatupwa baharini. Nazitazama mpaka shingo inauma. Ndani ya mojawapo alipanda mwanetu Chiriku.

Barabara inazunguka, jua linachwa, jua linakucha, na naingia mji wa vioo. Nyumba ni setilaiti maelfu, zote za aina moja, za mwenye mali mmoja, kila moja imetandaza mbawa za vioo kulielekea jua, na zinapokezana maneno ya mtandao juu ya kichwa changu bila kunijali. Watu wa mji huu nao hawana nyuso, wana vioo, na kila anayenigeukia ananirudishia mimi mwenyewe. Wengine ni watalii, wanaelea miguu juu, wanajipiga picha. Mmoja ananiuliza mimi ni wa kampuni gani. Nasema Tanga. Anauliza Tanga ni kampuni ya nani. Nasema Tanga ni mji, na setilaiti yetu imepotelea humu, ni ndogo hivi, namwonyesha kwa mikono. Wanacheka, vioo vyote vinatikisika na mimi natikisika ndani yake. Wanasema kumbe ni kile kiboksi. Damu inanipanda. Nawaambia usione vyaelea, vimeundwa. Kila waya uliomo ndani ya kile kiboksi nimeuunga kwa mikono hii, umeme ukikatika tunangoja, ukirudi tunaendelea, na hakuna hata mmoja uliolegea. Wananipisha. Sijui kama ni heshima au wamechoka nami, lakini wananipisha, na mimi napita katikati yao kifua mbele.

Ndipo namwona Chiriku. Yuko mwisho wa mtaa, anajizungusha taratibu, kijumba chenye mlango mmoja uliofungwa, na mlangoni amekaa bawabu, yule yule wa kioo cha dhahabu, au mwenziwe. Nataka kukimbia, ananiinulia mkono. Sikiliza kwanza, anasema. Nasikiliza, na kutoka chini kabisa, kutoka kwenye paa letu, naisikia sauti yangu ikipanda: hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi. Kisha hakuna kitu. Imeondoka, ina adabu zake. Na ndani ya kile kijumba nasikia kabisa kwamba kuna mtu, anajisogeza, yuko hai. Machozi yananitoka na hayaanguki, yananing'inia hapo hapo usoni. Namuuliza bawabu kwa nini Chiriku haitiki. Anasema: Kitendawili. Namjibu tega. Anasema: Mgeni kabisha hodi tatu, mwenyeji yumo ndani, mzima, tena anampenda mgeni wake, lakini mgeni kaondoka bila kuitikiwa. Nasema mwenyeji ni kiziwi. Si kiziwi. Nasema kalala. Hajalala. Nasema kanuna, ingawa namjua Chiriku, hajui kununa. Bawabu anasema: Nipe mji. Ndiyo desturi, ukishindwa unatoa mji, na sisi tangu utotoni tulikuwa tukiigawa miji ya watu bila kuwauliza. Nampa Muheza. Papo hapo Muheza inatokea kando ya barabara, imegeuka kulia kushoto kama kwenye kioo, na wauza machungwa wake wanatumia mikono ya kushoto, na kule chini mahali pake pamebaki wingu tupu. Anasema: Mji huo haunitoshi. Nampa Korogwe. Haunitoshi. Nampa Lushoto na baridi yake yote, nikijua Shekalaghe atanilaumu, ni kwao. Haunitoshi. Barabara imejaa miji yangu iliyogeuzwa, jua linachwa, linakucha, na najua anataka upi.

Tanga siitoi. Namwambia hivyo. Tanga kuna stoo yetu, kuna bibi yangu, kuna paa lenye antena ya fundi wa mageti. Nikikupa wewe Tanga, Chiriku akiitika atamwitikia nani? Sauti yangu inapanda tena kutoka chini, hodi tatu, inakata, na safari hii imechoka. Nafikiri: nikiubana mji nampoteza mtoto, nikiutoa mji huenda nikavikosa vyote viwili. Naiangalia Tanga kule chini kwa muda ninaoweza. Kisha nasema haya, chukua, nakupa Tanga. Naona aibu kama nimeuza kitu cha watu. Lakini wingu haliji. Bawabu anaondoka peke yake, anakawia, na anaporudi anasimama wima kama askari. Anasema: Nimekwenda Tanga. Nimekuta stoo ya mkonge inazungumza na mbingu. Nimekuta wawili waliounda kwa mikono yao kitu ambacho mataifa hukijengea majumba. Mji huo umenitosha, na nimeuacha mahali pake. Jibu ni hili: mwenyeji yuko kwenye swala.

Ni kweli, mtu akiwa kwenye swala haitiki hodi, wala haukasirikiwi ukimya wake, anamaliza kwanza. Na swala ya Chiriku naijua. Anajaza betri, masikio ya redio yake kayafunga, anayafungua dakika moja tu katika kila dakika kumi na tano, kisha anayafunga tena ili asichoke. Masikio aliyapanga Shekalaghe. Hodi niliandika mimi. Kila mmoja aliona kazi ya mwenzake ni njema, na ilikuwa njema, ila hatukukaa kuzilinganisha. Hodi zangu tatu zinaisha katika nusu dakika ya kwanza, siku saba zote zimegonga mlango wa mtu anayeswali, kisha tukajiondokea na adabu zetu. Bibi, nisamehe, nasema kwa sauti, na nabisha ya nne. Si rahisi kuwa fidhuli ukubwani. Ya tano. Ya sita. Watalii wamekusanyika na vioo vyao, wananiona sina haya. Ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja, na mlango wa Chiriku unafunguka kwa ndani, na kelele inayotoka humo ni ile ile ya mezani, haina pumzi, haina kituo, anasimulia joto lake na betri yake na mawingu aliyoyaona, yote kwa mpigo.

Nafumbua macho. Pangaboi linazunguka. Kelele haijakoma, inatoka kwenye spika, na kaka Shekalaghe amesimama katikati ya chumba mikono kichwani, analia waziwazi. Ameitika, ananiambia, Chiriku ameitika, hodi ya kumi na moja. Namuuliza nani aliyeondoa zile hodi tatu kwenye programu. Ananitazama. Si wewe, dada Zuwena? Umeinuka hapo, umefuta, umeandika, hukusema neno, ukarudi mkekani. Mimi sikumbuki kuinuka. Naangalia skrini, nauona mstari mpya: bisha mpaka aitike. Ni mwandiko wangu wa programu, hata makosa yangu ya kuacha nafasi yamo. Nataka kufurahi, na nafurahi, tumeweza, Tanga imeweza. Lakini jua la alasiri linapiga dirishani nyuma ya Shekalaghe, na hapo aliposimama mwanga umemfunika uso wote, simwoni macho wala mdomo, naiona miwani yake tu na mimi nimo ndani yake. Nami nafikiri: kama huku ndiko kule ndotoni, basi Chiriku wa kweli bado yuko nyuma ya mlango wake uliofungwa, na siku ya saba inakwisha, na yuko mtu bado amelala mkekani. Shekalaghe ananiambia inatosha, dada, ameshaitika, acha. Namsikia. Navuta kiti, nakaa, naweka kidole kwenye kitufe cha kuitia, na nabisha ya kumi na mbili.