Mgongo wa Mkono

Kombaini, ile mashine ya kuvunia, ilikuwa moja tu, na ngano ilikuwa ya ukoo mzima. Hilo ndilo lililomweka dereva roho juu tangu asubuhi. Wingu lilishaanza kujikusanya, ekari kumi na mbili zilikuwa bado zimesimama, na ngano iliyokauka namna ile ikinyeshewa, ndiyo basi tena, jasho la mwaka mzima la kaya saba limekwenda na maji.

Na juu ya yote hayo, alikuwa na baba mkwe.

Mzee alikuwa fundi mstaafu, mkavu, mbishi kuliko nati iliyoota kutu. Kila tanki la nafaka likijaa, alitaka mashine itoke kwenye ngano, isimame kwenye ukanda wa udongo mtupu uliolimwa kuzunguka shamba, na izimwe. Hapo azunguke na ufagio akikung'uta makapi kwenye injini, kisha aguse beringi moja baada ya nyingine kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Robo saa nzima inakwenda hivyo! Angekuwa mumewe, dereva angemjibu. Lakini mkwe ni mkwe, akawa anamezea.

Tanki la nane lilipojaa, upepo ulikuwa umegeuka. Sasa ulivuma kuelekea nyumbani, kule mwisho wa shamba zilikoonekana paa za mabati na nguo zilizoanikwa. Dereva alimwaga ngano kwenye trela, akatazama wingu, akatazama ule ukanda wa udongo, akajisemea leo mara moja tu, kitaharibika kitu gani? Akageuza mashine kurudi kwenye ngano.

Mzee alikuwa amesimama njiani, ufagio mkononi. Hakupunga mkono wala hakupiga kelele. Alisimama tu mbele ya meno ya lile dude, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Dereva alikanyaga breki, hasira zimempanda. Akairudisha mashine kwenye udongo, akazima, akashuka amevuta mdomo, ameshaamua kwamba leo, ukwe au si ukwe, atasema.

Mzee akaanza kuzunguka. Beringi ya kwanza, ya pili, ya tatu, salama. Upande wa kushoto, karibu na kifuniko cha mkanda, mkono wake ulifika ukarudi wenyewe.

"Njoo, mwanangu. Shika hapa."

Dereva alishika kwa kiganja, akasikia uvuguvugu tu. Mzee akaugeuza mkono ule. Safari hii dereva aliruka. Kumbe sugu za usukani zilikuwa zimemdanganya miaka yote.

Mzee akakifungua kifuniko polepole. Ndani, makapi yalikuwa yameganda na grisi, meusi tii, na katikati yake palikuwa na kaa jekundu, dogo kama punje ya dengu. Halikuwa na mwali, wala moshi wa kuonekana. Upepo ukipita liling'aa, ukitulia likafifia, utadhani linapumua.

Mkono wa dereva ulikwenda wenyewe kwenye mpira wa upepo, ule wanaopulizia vumbi kila jioni. Mzee akamdaka.

"Ukipuliza unalipeleka shambani," alinong'ona.

Akachota maji kwenye dumu kwa kopo, akadondosha tone kwa tone. Kaa likalia tss, likafa. Aliendelea kulowesha na kuchokoa makapi hadi chuma kikapoa.

Dereva akageuka. Ngano ilikuwa inainama na kuinuka hadi macho yanapokoma, yote ikielekea nyumbani, na kule mwisho bintiye wa miaka minne alikuwa akikimbizana na shuka kwenye kamba. Akaketi chini kwenye udongo. Hakuwahi kuogopa hivyo, wala kustaajabu hivyo. Shamba lote lile, nyumba zile, mtoto yule, na punje ile ya dengu! Na kilichosimama katikati kilikuwa ngozi ya mkono wa mzee mmoja.

Kubadilisha beringi kulikula saa nzima. Tanki la kumi lilipojaa, wingu lilikuwa limewafunika na ekari mbili zilikuwa bado. Mzee alikuwa amepitiwa na usingizi, ameegemea gurudumu la trela, mdomo wazi. Hakuna ambaye angeona.

Dereva aliipeleka mashine kwenye udongo, akazima. Akachukua ufagio, akakung'uta makapi pande zote, kisha akaweka mgongo wa mkono kwenye beringi ya kwanza, akatulia kuisikiliza. Tone la kwanza la mvua likauangukia mkono huohuo. Hakuuondoa.