Goli la Tatu la Wageni

Jumapili saa tisa alasiri, ubao wa magoli katika uwanja wa magongo ya barafuni wa Kessock, Saskatchewan, nchini Kanada, ulionyesha kwamba wageni wamefunga magoli tisini na tano. Honi ilikuwa inalia. Yakawa tisini na nne, tisini na tatu, yakazidi kushuka, na honi iliponyamaza wageni wakarudi kwenye mawili yao.

Watu walicheka, wakaendelea na kahawa. Orysia Hrynkiw hakucheka, maana programu ya ubao ule ilikuwa mikononi mwake, kazini kwake. Mjukuu wake Teagan, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye aliyekuwa kipa wa wenyeji.

Zikiwa zimebaki sekunde nane, wageni walisukuma kile kisahani cha mpira ndani ya goli. Mshika vitufe akabonyeza honi kwanza, kisha goli. Honi iliponyamaza ubao bado ulisoma matatu ya wenyeji kwa mawili ya wageni. Sekunde zikaisha, wasichana wa Kessock wakatupa glavu juu, wakamwangukia Teagan.

Kocha wa wageni akapiga kelele. Mwandishi wa matokeo, aliyekuwa akinakili ubaoni, alisema goli halipo. Mwamuzi alikuwa amechezesha mechi nne siku hiyo. Alisema goli analikumbuka, ila hana hakika lilikuwa la mechi ipi. Chama cha mchezo kikaomba barua kutoka karakana iliyotengeneza ubao.

“Barua yenyewe fupi tu,” Lyle Tveit, mwenye karakana, alimwambia Orysia kazini Jumatatu asubuhi. “Ubao ulimeza goli au haukumeza. Tena ikiwezekana, haukumeza.”

Orysia alifungua programu. Hesabu ya magoli ya wageni haikukaa kwenye kumbukumbu ya kawaida kama ya wenyeji. Miaka kumi na tisa nyuma, Delmar Friesen, aliyestaafu sasa, aliifunga kwenye rejista ya tisa, kijisanduku kimoja kati ya vichache vilivyomo ndani ya chipu yenyewe, ili isomeke haraka. Akaandika mstari wa kumkataza kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za mashine, asikitumie kijisanduku hicho kwa kazi nyingine.

Akampigia simu.

“Delmar, rejista ya tisa.”

“Usiiguse.”

“Kuna kitu kinaigusa.”

“Haiwezekani. Nilimkataza.”

“Kwenye faili ngapi?”

“Zote.”

“Zote zipi?”

“Zote zilizokuwepo, Orysia. Ulitaka niandike na zako?”

Alikata simu na kuorodhesha amri za mashine, faili baada ya faili. Alizipitia hadi saa sita mchana, sandwichi ya mayai ikikauka kando. Zile za Delmar zilikuwa safi. Kompaila hushughulikia kila faili peke yake, na katazo lisiloandikwa humo yeye halijui. Katika faili ya honi alikuta kijisanduku kile kimekopwa: thamani yake inawekwa pembeni, honi inahesabia humo muda wake, na ikimaliza inarudisha kilichokuwemo. Ndiyo maana ubao, uliokuwa ukichungulia humo kila mara, ulionyesha tisini na tano. Na goli lililoongezwa honi ikilia liliongezwa kwenye hesabu ya honi. Honi ilipomaliza, ikarudisha mawili.

Kompaila hakukosea popote. Faili ya honi iliandikwa mwezi uliopita, na jina lililo juu yake lilikuwa la Orysia.

“Basi ni Delmar,” alisema Lyle alipoelezwa. “Nani anafunga namba kwenye kijisanduku?”

“Ni mimi. Katazo lilikuwepo, sikuliingiza kwenye faili yangu.”

“Si mjukuu wako ndiye kipa?”

“Ndiye.”

Lyle alitazama dirishani. “Andika barua,” alisema.

Aliandika mistari minne. Kisha akalifuta katazo la Delmar, akaihamishia hesabu ya wageni kwenye kumbukumbu ya kawaida, akabonyeza honi na goli mara arobaini. Yakahesabiwa magoli yote arobaini. Delmar alipoambiwa aliuliza imekuwa ya polepole kiasi gani. Orysia akamwambia hakuna jicho litakaloona. “Najua,” alisema Delmar. “Hata wakati ule halikuona.”

Jioni alimkuta Teagan mezani akila pierogi, vile vijisambusa vya kuchemsha vya viazi, kwa krimu.

“Lile goli liliingia,” Orysia alisema.

“Najua, Bibi. Lilinipita hapa.” Alionyesha goti la kushoto.

“Mbona hukusema?”

“Ubao ulikataa.” Alitafuna. “Na wewe umewaambia?”

“Nimewaambia.”

“Haya bwana. Mama atakununia wewe, si mimi.”

Chama kililikubali goli, ikawa matatu kwa matatu, na dakika za nyongeza zikachezwa Jumamosi. Wageni walifunga katika dakika ya nne, chini ya goti la kulia la Teagan, wakashinda. Mama yake Teagan alimnunia Orysia mpaka Jumanne.