Wakonyo Wawili

Mimi sina subira na mtu anayechanganya vitu. Ukileta mahindi yako kinuni kwangu, hapa mtaa wa Landless, nalifunga gunia lako kitambaa cha rangi yako, na unga utakaobeba ni wako, sio wa jirani. Kwa hivyo Austine, mtafiti aliyekuwa ametutoa damu, aliponipigia simu kutoka maabara yao ya Ruiru, akasema damu yangu mimi ndiyo inaonyesha ugonjwa, nilimwambia bila kuzunguka: mmechanganya. Nikakata simu nikarudi kusaga.

Nilikuwa na sababu. Sisi tuko Wakonyo wawili. Baba yangu, Njau, na mdogo wake, Bedan, kila mmoja alimpa binti yake jina la mama yao, vile desturi yetu inataka, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Ukiita Wakonyo pale nyumbani, tunageuka wawili. Ndiyo maana binti ya Bedan namwita Shosh, na yeye ananiita Shosh, yaani bibi, kwa kuwa sote tumebeba jina la bibi yetu. Shuleni nilishawahi kuchapwa kwa hesabu alizokosa yeye. Kuchanganywa nakujua vizuri.

Mgonjwa ni Shosh. Mwili wake umekuwa ukijipiga wenyewe: viungo vinavimba, uso unatoka vipele, na mwaka huu figo zikaanza kuchoka. Daktari alisema atahitaji figo ya mtu mwingine. Nikasema yangu iko, chukueni. Mimi ni wa kubeba gunia bila kuita mwanaume, sijawahi kulazwa hospitali, figo mbili ni za nini? Damu zetu zilipatana. Tukabaki kungoja vipimo vya mwisho na tarehe ya upasuaji.

Kliniki nilikuwa nampeleka mwenyewe. Muuguzi akiita "Wakonyo", tunasimama wote wawili, halafu mimi nakaa. "Ni huyu," nasema. "Mimi namsindikiza tu." Wauguzi walizoea mpaka wakawa wananitania, eti huyu wa kusindikiza atachoka lini.

Watu wa ile maabara ya Ruiru tulikutana nao hapo hapo kliniki. Walikuwa wanatafuta wagonjwa kama Shosh, kila mmoja na ndugu yake mzima, walinganishe damu. Austine ndiye aliyetutoa damu, jamaa mpole wa Ahero, anaongea polepole kama mtu asiye na haraka ya kula. Alituambia chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili, na ndani ya kila moja kuna jeni, maagizo ya kazi, mengine yamewashwa, mengine yamezimwa. Kidudu kikiingia, jeni za vita zinawaka, mtu anavimba, anapata joto. Kidudu kikifa, zinazimika. Kwa Shosh hazizimiki.

"Jeni mimi namjua mmoja tu," nikasema. "Mama Maxine, wa kibanda cha mboga. Na huyo pia akiwaka hazimiki."

Shosh alicheka mpaka Austine akamwomba atulize mkono.

"Wewe una kinu," Austine akaniambia. "Mota ikizunguka na hakuna mahindi, nini hufanyika?"

"Mawe yanasagana yenyewe."

"Basi ndivyo ilivyo ndani ya Shosh."

Nilimpenda kwa hilo jibu. Ndiyo maana ile simu iliniuma, kwa sababu nilidhani ni mtu makini. Kesho yake nilifunga kinu nikaenda Ruiru kumpa maneno yake.

Nilimpa yote. Hakubisha. Alisema wamepima mara mbili, na kwamba majina hawatumii, chupa zina alama. Nikamwambia alama hubandikwa na watu, na watu ni hawa hawa wanaochanganya. Atoe damu nyingine nikiangalia. Ilipojaa chupa, nikatoa kwa mkoba kipande cha kitambaa chekundu, kile cha kufunga gunia, nikakifunga shingoni mwa chupa kwa fundo langu. Fundo langu hakuna mwingine anayelijua. Mwenzake mmoja akaanza kucheka. Austine akamwangalia, naye akarudi kwa kazi yake.

Aliponiita tena nilienda nimejipanga kuombwa msamaha. Chupa ilikuwa mezani, na kitambaa changu kiko pale, na fundo ni langu.

"Hii ni yako?" akaniuliza.

"Ni yangu."

Akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na mistari ya vijisanduku, vyekundu kwa jeni zilizowaka, vya samawati kwa zilizozimwa. Wa Shosh ulikuwa umechanganyika, kwa sababu dawa zimempoza kidogo. Chini yake kulikuwa na mwingine, mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi na hii ni yako," akasema. "Huu ni utafiti, sio hukumu ya daktari. Lakini nenda ukapimwe mkojo. Nenda leo."

Nilishtuka. Nilikaa pale nikiangalia fundo langu mwenyewe, na hasira niliyokuja nayo sikuiona tena. Nilikuwa nimezoea kuamka na vidole vigumu, nikasema ni kazi ya kinu. Miguu ikivimba jioni nilisema ni kusimama.

Nilipimwa mkojo siku hiyo hiyo. Protini ilikuwa inavuja. Wakanipima na damu, wakanipiga picha ya figo, na daktari wa Shosh, yule aliyewahi kunishika mkono akaniita jasiri, akaweka kalamu chini. "Hakuna atakayekutoa figo," akasema. "Sasa hivi tunataka kuziokoa zako."

Baba aliposikia aliniita maitu, mama yangu, vile ameniita tangu nizaliwe kwa sababu ya jina, halafu akanipokonya gunia nililokuwa nimebeba.

Shosh nilimwambia kliniki, kwenye benchi yetu, siku yetu ya kawaida. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakapotea. Nilisema tu kwamba figo haipo tena, na kwa nini haipo. Nilisema anisamehe. Nililia, mimi ambaye silii mbele za watu, na sikujali nani anaona.

Shosh alisogea karibu. Alichukua mkono wangu akaanza kubonyeza vidole, kiungo kimoja baada ya kingine, vile madaktari humfanyia yeye.

"Hapa?"

"Ee."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo kabisa."

"Na ulikuwa unabeba magunia," akasema. "Mjinga wewe."

"Shosh, sasa utapata wapi figo?"

"Nani amekuuliza figo?" Akashika kidole kingine. Figo nyingine haikuwepo, na wote wawili tulijua hivyo.

Muuguzi akatoka mlangoni na faili mbili mkononi. Alizitazama, akatutazama sisi, kama mtu asiyeelewa anachokisoma.

"Wakonyo," akaita.

Tukasimama wote wawili, kama kawaida. Nikataka kukaa kama siku zote, miguu ikakataa. Shosh ndiye aliyekaa.

"Ni huyu," akamwambia muuguzi. "Mimi namsindikiza tu."